Sufuria la Bi Mwanaarabu

Ilikuwa juma la pili la mfungo mosi, baada ya Ramadhani, mwaka wa 1911. Kadhi Muhdhar alimwita Bi Umulkheir asubuhi ya Jumatatu, kahawa ikiwa bado mezani, na alipofika barazani alimwambia neno moja tu.

"Limepotea."

"Nini, Sheikh?"

"Sufuria la Bi Mwanaarabu."

Bi Umulkheir alicheka kabla hajajizuia. "Sufuria? Sheikh, mle hupikwa ng'ombe mzima na mchele wake. Hupotea sindano. Hupotea pete. Sufuria lile watu wawili hulichukua kwa mti begani, na ndiani kila mtu huwapisha."

"Ndivyo nilivyosema na mimi," alijibu Kadhi, na ndevu zake zikatikisika kidogo. "Lakini Bi Hadia alifungua ghala jana, akakuta ukuta mtupu."

Bi Umulkheir hakuwa karani wala askari. Alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amewapokea watoto wa Lamu, na hakukuwa na nyumba, ya mawe wala ya makuti, ambayo hakupata kukaa ukumbini mwake. Kadhi alikuwa ametambua zamani kwamba mashauri mengi yanayofika mbele yake huanzia ndani, mahali asipoweza kuingia yeye, na kwamba mwanamke huyu huona vitu na kusema alichokiona bila kutia chumvi. Basi shauri likifika pagumu, humtuma yeye.

Sufuria lenyewe kila mtu alilijua. Miaka arubaini nyuma, Bi Mwanaarabu, mjane wa mfanyabiashara, asiye na mtoto, alikuwa ameliweka wakfu. Haliuzwi, halirithiwi, halipewi mtu. Mwislamu yeyote wa Lamu mwenye arusi, matanga au khitma hulichukua, hulipikia, hulirudisha, bila malipo. Juu ya mlango wa ghala palikuwa na ubao wa mti uliochongwa maneno yake, na maneno ya mwisho yalikuwa haya: asiulizwe nasaba. Tangu watumwa waachwe huru, miaka minne iliyopita, sufuria hilo lilikuwa halikai ghalani. Watu ambao zamani waliozwa kwa amri ya bwana, bila hata kikombe cha kahawa, sasa walikuwa wakioza wenyewe, na walitaka moshi wao uonekane.

"Nani alikuwa analitaka safari hii?" aliuliza Bi Umulkheir.

"Khatib, mkulima wa Kililana. Binti yake Shifaa anaolewa Alhamisi hii. Na mji umeshaanza kusema. Wanamtaja Kamaludin."

"Kamaludin wa sufuria za kukodisha."

"Yeye. Nataka lipatikane kabla ya Alhamisi, Bi Umulkheir. Na sitaki mtu aaibishwe bure."

Mkunga alishika mkongojo wake. "Ghala halijafagiliwa?"

"Nimekataza."

"Basi nitaanzia huko."

*

Bi Hadia, msimamizi wa sufuria, alikaa orofani katika nyumba yake ya mtaa wa Langoni. Miguu yake ilikuwa mibovu na ulimi wake ulikuwa mzima. Aliposikia mkongojo wa Bi Umulkheir barabarani, alitoa kichwa dirishani.

"Umekuja kunizalisha au kunihukumu?"

"Teremsha ufunguo!"

Kikapu kilishuka kwa kamba polepole, kikigonga ukuta, na ndani yake ulikuwamo ufunguo wa chuma wenye urefu wa kiganja. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo. Bi Hadia hakuteremka ngazi ila kwa jambo kubwa.

Bi Umulkheir hakuingia ghalani mara moja. Alilitazama kufuli kwanza: halikukwaruzwa. Alizitazama bawaba: kutu yake ilikuwa mahali pake. Kisha akafungua mlango wote ili mwanga uingie, akasimama kizingitini.

Sakafuni palikuwa na duara safi katikati ya vumbi, mahali lilipokuwa limekaa sufuria. Kutoka kwenye duara hilo hadi mlangoni hapakuwa na mburuzo. Waliolichukua walilinyanyua, basi walikuwa wawili. Akachutama. Kando ya duara palikuwa na makapi ya mpunga, machache, ya rangi ya dhahabu, mapya. Akayaokota akayafunga katika pindo moja la kanga yake.

Alipoinuka ndipo alipoiona alama. Kwenye chokaa ya mwimo wa mlango, karibu na bega lake, palikuwa na alama za vidole vinne, za manjano. Mtu alikuwa amejishikiza hapo, amechoka au amelemewa. Bi Umulkheir aliweka vidole vyake juu ya vile bila kuvigusa. Vilikuwa sawa na vyake. Alinusa, akanusa tena, akakwangua kidogo kwa ukucha, akafunga katika pindo la pili.

"Umeona nini?" sauti ilishuka kutoka juu.

"Vumbi. Nani ameingia humu tangu arusi ya mwisho?"

"Hapana mtu. Nimefunga tangu Shaabani."

"Hapana mtu kabisa?"

"Ila Khatib. Alikuja Alhamisi iliyopita, kabla ya adhuhuri, kuliona. Nilimteremshia ufunguo, akaangalia, akaurudisha kikapuni."

"Alikuwa peke yake?"

"Nilisikia punda. Watu sikuwatazama, nilikuwa na ubuyu wangu jikoni."

"Na jana?"

"Jana niliteremka mwenyewe kulisugua kwa ukwaju ling'ae. Lile halitoki hapa likiwa jeusi, na halipikwi nusu. Tangu enzi ya Bi Mwanaarabu hujaa hadi shingoni, na watu huja kutazama. Nikafungua, nikakuta ukuta. Yoo! Nilikaa hapo hapo chini."

Bi Umulkheir aliutia ufunguo kikapuni. "Na Khatib humshuku?"

Bi Hadia alicheka kwa hasira. "Kwani umepata wazimu? Nani huiba kitu alichopewa?"

*

Duka la Kamaludin lilikuwa njia ya sokoni. Mbele aliuza bizari, pilipili na manjano, na ukutani, juu ya kichwa chake, zilining'inia sufuria kumi na tano za kukodisha, kubwa kwa ndogo. Alikuwa mtu mnene, wa miaka thelathini na minne, na asubuhi hiyo hakuwa na mteja hata mmoja, ingawa watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama ng'ambo ya njia wakimtazama.

"Mama," alisema alipomwona Bi Umulkheir, "wamekutuma kwangu."

Alimwita mama kwa haki. Mama yake alishikwa na homa ya uzazi kwa siku tatu, na siku hizo tatu Kamaludin alinyonya kwa Bi Umulkheir, pamoja na mtoto wake mwenyewe.

"Nimejituma. Nipe manjano kidogo."

Alimpa kwenye jani. Bi Umulkheir akanusa, akafungua pindo la pili, akanusa pale pia. Kisha akaelekeza mkongojo kwenye mlango wa ndani.

"Nyuma kuna nini?"

"Mpunga. Ngia, uone. Fungua kila kitu! Na nyinyi," aliwapigia kelele watu wa ng'ambo, "njooni muone pia, msisumbuke kunyoosha shingo!"

Ghala la nyuma lilikuwa limejaa magunia ya mpunga hadi darini. Bi Umulkheir alifungua pindo la kwanza, akalinganisha makapi na mpunga ulioko mbele yake. Rangi ile ile, ncha ile ile nyekundu. Alizunguka magunia, akagonga kila pembe kwa mkongojo, akachungulia nyuma ya mlango. Sufuria halikuwamo.

"Mpunga huu watoka wapi?"

"Kililana. Nina konde huko, nililirithi kwa ami yangu miaka sita sasa. Khatib hulilima. Nusu yake, nusu yangu."

"Khatib yupi?"

"Si huyo huyo wa arusi? Ndiye aliyeuleta mpunga huu juma lililopita."

"Siku gani?"

Kamaludin alifikiri. "Alhamisi. Kwa punda. Akashusha, akaondoka na magunia matupu."

Bi Umulkheir alikaa juu ya gunia. "Sasa nijibu hili, mwanangu. Sufuria la wakfu likipotea, nani hupata faida mjini hapa kama si wewe?"

Uso wa Kamaludin ulijikunja, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeonewa mno. "Faida? Mama, wanaolitumia lile si wateja wangu. Hawana cha kunipa. Likipotea watakuja hapa, watasimama mlangoni, watasema, Bwana Kamaludin, binti yangu anaolewa. Nitasema nini? Nitaona haya, nitawapa bure, na sufuria zangu zitarudi zimeungua. Lile sufuria ndilo linalonilinda mimi! Usiku naliombea dua!"

Mtu mmoja ng'ambo ya njia alicheka kwa sauti, na mwingine akamfuata. Wawili watatu wakaanza kuondoka.

"Nakuamini," alisema Bi Umulkheir. "Jambo moja tu. Wauza liwa?"

"Liwa ya wanawake, ya msandali wa kujipaka? Siiuzi. Ikikaa na bizari huharibika harufu. Nenda kwa wauza manukato."

"Ndiyo," alisema mkunga, naye akayafunga mapindo yake. "Nilichokiona mlangoni ni manjano yenye harufu ya liwa. Hayakutoka jikoni wala dukani. Funga duka. Twende Kililana."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu konde ni lako, kwa sababu wewe ni mwanangu na naweza kusafiri nawe, na kwa sababu ukibaki hapa hawa watakutazama mpaka jioni."

*

Maji yalikuwa yamejaa, na mashua iliwavusha hadi Mokowe kabla ya adhuhuri. Kamaludin alikaa katikati akiwa ameshikilia pande zote mbili. Bi Umulkheir alikaa karibu na mwenye mashua.

"Alhamisi ulimvusha Khatib wa Kililana?"

"Nilimvusha, na mwanamke aliyejifunika gubigubi, na mzigo mkubwa wa magunia na makuti. Nikamcheka. Nikamwambia, Khatib, makuti unayapeleka bara, huko kunakojaa minazi? Akaniambia, haya ni makuti mazuri."

"Na mwanamke, alisema nini?"

"Hakusema. Alikaa juu ya mzigo safari nzima."

Kamaludin aliacha kushikilia upande mmoja wa mashua. "Mama! Basi ni Khatib! Lakini kwa nini? Alikuwa ameshapewa!"

"Ndilo tunaloliendea," alisema Bi Umulkheir.

Kutoka Mokowe walitembea. Walifika nyumbani kwa Khatib alasiri ikikaribia. Ilikuwa nyumba ya makuti ukingoni mwa konde lililokwisha kuvunwa, uwanja wake umefagiliwa. Kando ya uwanja palikuwa na marundo matatu ya majani makavu ya mpunga. Khatib, mtu mrefu mwenye mvi za kwanza, alitoka mbio alipowaona. Alimwamkia mkunga kwa kuinama, akamwamkia Kamaludin, akatandika mkeka chini ya ukuta wenye kivuli.

"Karibuni. Karibuni sana. Mkeka huu hapa."

"Asante, mwanangu," alisema Bi Umulkheir, lakini hakwenda mkekani. Alikuwa akiwatazama kuku. Walikuwa wakichakura katika rundo la kwanza, na katika rundo la pili. La tatu, lililokuwa jipya na la mviringo, walikuwa wamelipanda wakashuka, maana lilikuwa na majani ya juu juu tu na hapakuwa na cha kuchakura. Mkunga alikwenda moja kwa moja akakaa juu ya rundo hilo la tatu.

"Bi, hapo patakuumiza," alisema Khatib upesi.

"Pagumu kidogo." Aliinua mkongojo, akagonga katikati ya miguu yake.

Rundo liliitika. Sauti ilikuwa ndefu, nzito, ya shaba, nayo ilizunguka konde zima na kuwarusha kuku wote hewani. Kamaludin alikaa chini mkekani bila kukaribishwa.

Khatib alibaki amesimama.

"Kaa," alisema Bi Umulkheir kwa upole. "Hapana askari hapa. Mwenzako alikuwa nani?"

Khatib aliutupia jicho mlango wa nyumba.

"Ulikuwa na mtu wa pili. Sufuria lilinyanyuliwa, halikuburuzwa. Uliomba ufunguo, mkalizungushia magunia uliyotoka kuyamwaga kwa Kamaludin, ndiyo maana makapi yalimwagika ghalani. Mwenzako alilemewa mlangoni, akajishika ukutani, na vidole vyake viliacha manjano yenye liwa. Siku saba kabla ya arusi, nani hupakwa manjano na liwa mwili mzima na kukatazwa kutoka nje?"

Pazia la mlango lilifunguka.

"Mimi," alisema Shifaa.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, uso na mikono yake ikiwa bado ya manjano, na hakuonekana kuwa na woga. "Shikamoo, Bi. Shikamoo, Bwana Kamaludin. Baba hakutaka. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Kamaludin alipata sauti. "Bibi arusi! Ameiba sufuria lake mwenyewe!"

"Hatukuiba," alisema Shifaa. "Tungelirudisha Ijumaa, baada ya arusi. Tungesema tumeliokota."

"Sufuria lile? Mmeliokota ndiani?"

Shifaa aliuma mdomo. Mkunga aligeuka akatazama minazi kwa muda, mabega yake yakitetemeka, kisha akarudi usoni mwa Khatib.

"Sasa niambie sababu. Wewe mwenyewe."

Khatib alichutama. Alichota majani kiganjani akayasema maneno yake kwa majani hayo. "Bi, watu wote wa Lamu waliniambia, Khatib, una bahati, sufuria la bure. Hapana aliyeniuliza la kutia ndani. Nimevuna, nimegawa nusu, nimeweka mbegu, nimeweka chakula. Kilichobaki hakifiki robo ya sufuria lile. Likipikwa robo, mji mzima utainama kuchungulia. Kulikataa siwezi. Watasema, Khatib alitaka uhuru, ameupata, na hana mchele wa kumwozea mwanawe. Nikasema, likipotea lenyewe, aibu si yangu. Nitapika kwa chungu cha nyumbani na watu watanihurumia."

"Na wakamtaja Bwana Kamaludin," alisema Bi Umulkheir.

Khatib aliinua kichwa. Haya ilimshika mpaka masikioni. "Hilo sikulijua. Wallahi sikulijua. Bwana, nisamehe."

Kamaludin alikuwa akivuta nyuzi za mkeka. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na wasiwasi, kama mtu aliyeambiwa kwamba nguo yake imechanika mgongoni. "Nusu nyingine ninayo mimi," alisema taratibu. "Ghalani kwangu. Hadi darini."

Mkunga alimgeukia Khatib kwa swali la kawaida. "Konde hili lina jina?"

"Wazee huliita Konde la Sufuria," alijibu Khatib.

"Kwa nini?"

"Sijui, Bi. Baba yangu aliliita hivyo. Alilima hapa kabla yangu, alikuwa mtumwa wa nyumba ya Bi Mwanaarabu. Alikuwa akisema mpunga wa konde hili hauuzwi. Nilidhani ni maneno ya uzee."

Bi Umulkheir alisimama. "Kamaludin. Ami yako, kabla ya kufa, alikuwa na kazi gani katika wakfu ule?"

"Alikuwa msimamizi wake wa kwanza. Alipokufa, sufuria likaenda kwa Bi Hadia."

"Na konde?"

"Konde likaja kwangu, pamoja na..." Alitazama rundo, akatazama konde, akatazama tena rundo.

"Tafuteni mti wa kulibebea," alisema mkunga. "Kesho asubuhi tuna kazi kwa Kadhi."

*

Kadhi Muhdhar aliitafuta hati kwa muda mrefu. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mvule, imeviringishwa ndani ya kitambaa. Bi Umulkheir alikaa upande mmoja, Kamaludin na Khatib upande mwingine. Nje, mlangoni, sufuria lilikuwa limekaa juani na watu walikuwa wakilizunguka.

"Nikiri jambo," alisema Kadhi. "Karatasi hii sijapata kuifungua. Mimi, kama mji mzima, nimesoma ubao."

Aliifungua, akaisoma mistari ya kwanza kwa sauti. Yalikuwa maneno ya ubao, neno kwa neno, hadi asiulizwe nasaba. Lakini ubao uliishia hapo na karatasi haikuishia hapo. Kadhi aliinua mkono, akasogea karibu na dirisha.

"Na pamoja na sufuria nimeweka wakfu konde langu la Kililana, mpunga wake uwekwe kwa ajili ya sufuria, apewe yule asiye na cha kutia ndani yake, asije mtu akaazima chombo akapata aibu."

Nje, mtu aligonga sufuria kwa kidole ili asikie sauti yake.

"Miaka sita," alisema Kamaludin hatimaye. "Nimekula cha watu miaka sita."

"Ulikuwa hujui," alisema Kadhi.

"Sasa najua." Alitoa ufunguo wa ghala lake, akauweka juu ya hati. Kisha akafikiri, akaongeza kwa sauti ya manung'uniko, "Na magunia ni ya wakfu pia. Yachukueni. Panya wamekwisha kuyatoboa."

Kadhi alitabasamu, akavuta wino. "Konde limerudi mahali pake. Sasa linataka msimamizi. Bi Hadia ana sufuria, na miguu yake haifiki Kililana. Natafuta mtu anayeijua nti ile, anayelima mwenyewe, asiyeiba."

"Sheikh," alisema Bi Umulkheir, "mtu huyo amekaa mbele yako."

Khatib aliruka kama aliyechomwa. "Mimi? Mimi niliyelificha?"

"Ulikuwa umeliazima hadi Alhamisi," alisema mkunga. "Wapi palipoandikwa kwamba mwenye kuazima asilifunike kwa majani? Alilificha, Sheikh, hakulitoboa, hakuliuza. Na hakuna mtu Lamu anayejua kuliko yeye jinsi mtu anavyoona haya akisimama mbele ya sufuria kubwa na gunia dogo."

Kadhi alimgeukia Khatib. Kisha akachovya kalamu. "Aliyekuwa akisema mpunga wa konde hili hauuzwi ni nani?"

"Baba yangu."

"Jina lake?"

Khatib alisita. Katika karatasi yoyote ya zamani, kama angeandikwa, angeandikwa kwa jina la bwana wa nyumba. "Feruzi," alisema.

Kadhi aliandika polepole, kwa herufi kubwa, huku akitamka kila neno ili wote wasikie. Msimamizi wa Konde la Sufuria ni Khatib bin Feruzi.

*

Siku mbili zilizofuata hapakuwa na usingizi wa mchana Langoni. Mpunga haukuwa mchele bado, na magunia yalikuwa mengi. Vinu vilitolewa barabarani, na wanawake walitwanga wawili wawili, wakiimba, wakibadilishana michi, makapi yakiruka hadi madirishani. Bi Hadia aliteremka ngazi kwa mara ya pili katika juma moja, akakaa kwenye kiti katikati ya njia, akaamuru nani apepete na nani apumzike, na hapana aliyepumzika.

Alhamisi, baada ya alfajiri, moto uliwashwa katika uwanja wa Bi Hadia, aliyesema arusi iwe kwake. Kamaludin alikuja na sufuria zake zote kumi na tano juu ya punda watatu, kwa mchuzi na kwa maji, na alipoulizwa kodi yake ni kiasi gani alijibu kwamba watu wasimharibie siku. Nyama iliingia, viungo vikaingia, mchele ukaingia, ukaendelea kuingia. Bi Umulkheir alisimama kando akiwa amefunga kanga kiunoni, kwa sababu kila mtu alitaka yeye ndiye aseme limejaa au bado.

"Bado," alisema. "Tia. Bado. Tia tena. Basi."

Kifuniko hakikuweza kukaa sawa.

Ndani, Shifaa alikuwa amevishwa, na wanawake walikuwa wakimwambia akae kimya kama bibi arusi. Alitii kwa muda. Kisha akaomba dirisha lifunguliwe kidogo, ili avute hewa, alisema, na hakuna aliyemkatalia. Alimwona baba yake uwanjani akiwa na upawa mrefu mkononi, jasho likimtoka, akiwapakulia watu wa Langoni, na watu wa Mkomani, na wavuvi waliotoka Matondoni kwa miguu kwa sababu walisikia harufu au walisikia habari.

Mbele ya Khatib palisimama mzee mmoja mgeni, mwenye bakuli tupu, amevaa kikoi kilichochakaa. Alisita kulinyoosha bakuli lake.

"Mimi si wa mtaa huu," alisema. "Wala sikualikwa."

Khatib alilichukua bakuli, akalijaza mpaka mchele ukamwagika kandoni, akalirudisha kwa mikono miwili.

"Ukimaliza," alisema, "rudi."